Jina la Mlangoni

Kifungo cha tatu kiligoma. Haika alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, akikisukuma kwenye tundu lake kwa kucha, nacho kila kikiingia nusu kinarudi nje. Blauzi yenyewe ilikuwa ya hariri, rangi ya maziwa, imeshonwa miaka ishirini iliyopita na huyo huyo mwenye kuivaa. Bi Arusyak alimvumilia kidogo, kisha akamsogeza mkono, akakifunga kifungo mwenyewe kwa mara moja, bila hata kutazama chini.

"Fundi," akasema kwa Kiswahili, akijigusa kifua. Lilikuwa moja ya maneno matano ya Kiswahili aliyokuwa nayo, na alilipenda kuliko yote.

"Haya, fundi," Haika akamjibu. "Leo tuonyeshe ufundi wako wote, tafadhali."

Alisema kwa utani, lakini tangu alfajiri alikuwa akitazama saa. Saa nne kamili angekuja mtu wa halmashauri, na sasa ilikuwa imebaki dakika kumi. Chini, barabara kuu ya Kilburn, jijini London, ilikuwa imeshachangamka, na kila basi likipita kioo cha dirisha kilitetemeka. Haika akaenda jikoni kuhakikisha kwamba jiko la gesi limezimwa. Lilikuwa limezimwa. Akajaribu kulizima tena.

Mambo yalikuwa hivi. Bi Arusyak Grigoryan alikuwa na miaka themanini, na kwa miaka kumi na tisa aliishi katika vyumba hivi juu ya duka la mazulia, kwanza na mwanawe, kisha, mwanawe alipofariki, yeye na cherehani yake. Mwezi wa Oktoba kiharusi kidogo kilimpitia. Hakikumchukua mkono wala mguu, kilimchukua Kiingereza. Kiarmenia na Kirusi vilibaki vizima, lakini Kilburn nzima angevizungumza na nani? Akabaki na Haika, mhudumu aliyekuja asubuhi na jioni kumwogesha, kumpa dawa na kumpikia. Wakawa wanaelewana kwa vidole, kwa macho na kwa mabaki ya lugha nne.

Walipendana, hilo halikuwa siri. Siku ya kwanza Bi Arusyak aliposikia jina la Haika alipiga makofi, maana babu wa Waarmenia wote, katika hadithi zao, anaitwa Hayk. Tangu siku hiyo aliamini kwamba huyu Mchaga wa Machame ni ndugu yao aliyepotea njia, akawa anamwita Haika-jan, yaani Haika mpenzi. Haika hakumrekebisha. Undugu London haupatikani kirahisi hivyo, ukipewa pokea.

Kisha yakaja mambo ya mlango. Novemba mkaguzi wa gesi alibisha akiwa na karatasi mkononi, hakufunguliwa. Desemba akarudi, hakufunguliwa. Januari wakaja wawili na orodha ya wapangaji wa jengo zima, wakasoma jina lake kwa sauti pale koridoni, na Bi Arusyak akaburuta kabati akaziba mlango. Ikabidi waitwe zimamoto. Tangu siku ile faili lake likaanza kunenepa: hafungui mlango, hajitambui, ni hatari kwake mwenyewe. Alhamisi kingekaa kikao cha kuamua abaki kwake au apelekwe nyumba ya wazee, huko nje ya jiji, mwendo wa saa mbili kwa treni. Leo Jumanne ilikuwa siku ya kumuuliza maswali. Akijibu vizuri anabaki, akishindwa anahama.

Na Bi Arusyak alishahamishwa mara moja maishani mwake. Hilo Haika alilijua, maana kabla ya kiharusi alisimuliwa, siku moja wakichambua dengu. Bibi alizaliwa Baku, mji wa Azerbaijan, Mwarmenia kati ya majirani Waazerbaijani, akaishi huko miaka arobaini na mitano akishona nguo za harusi za watu wa kila dini. Mpaka Januari ya mwaka tisini, makundi ya watu yalipoanza kupita nyumba hadi nyumba na orodha mkononi, yakitafuta milango ya Waarmenia. Jirani wa mlango wa pili, Mwazerbaijani aitwaye Sevda, alimvuta ndani kwake, akamlaza chumba cha nyuma, akamfunika hadi puani. Watu walipobisha, Sevda alifungua mwenyewe. Siku tatu Bi Arusyak alilala kule nyuma akimsikiliza jirani yake akiwajibu watu pale mlangoni, maneno yale yale, kwa sauti ya ukarimu. Siku ya nne akapandishwa kivuko na mkoba mmoja, na Baku hakuiona tena.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wa Bi Arusyak ulikuwa mtu mwenye karatasi. Haika aliwaeleza hayo wakubwa wake wa agency, kampuni iliyomwajiri, nao wakamwambia ayaandike kwenye daftari la kila siku. Aliyaandika. Daftari lile hulisoma mtu mmoja tu, naye ni yule anayeliandika.

Kengele ikalia.

Mlangoni alisimama mama wa Kisikh wa miaka kama sitini, koti la bluu, mvi zimefungwa kisogoni, kitambulisho shingoni na faili kwapani. Haika alimkaribisha kwa Kiingereza, kisha kwa mazoea akajisemea chini chini, "Haya, Mungu saidia."

"Mungu nasaidia," yule mama akajibu, akatabasamu. "Mimi Surinder. Mimi zaliwa Nakuru."

Aliondoka Kenya akiwa na miaka kumi, alieleza akivua koti, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha watoto wa Kihindi na yaya wao. Hakikukua hata inchi moja tangu hapo. Haika alihisi moyo unamtua. Mtu wa kwetu, alijiambia, huyu ataelewa. Ilimchukua nusu saa kugundua kwamba Kiswahili ni kimoja na faili ni jingine.

Nyuma ya Surinder alikuja kijana wa sweta la kijivu, mwembamba, mpole, ambaye aliinama kuvua viatu kabla hajaambiwa, akavipanga ukutani. Alikuwa mkalimani, aliitwa Elchin. Haika alimpenda kwa viatu vile. Miezi minne alikuwa akiwaomba ofisini wamtafutie bibi mkalimani, na hatimaye huyu hapa. Kirusi au Kiarmenia, chochote, mradi bibi afungue mdomo wake na watu wamsikie.

Elchin akaingia sebuleni, akaweka mkono kifuani, akamwinamia Bi Arusyak, akamwamkia.

Haika hakuijua lugha ile. Bi Arusyak aliijua. Alisimama bila fimbo yake, yeye ambaye kila asubuhi huinuliwa kwa kushikwa kwapa, akanyooka, na usoni mwake likatokea tabasamu ambalo Haika hakuwahi kuliona pale. Lilikuwa tabasamu pana, la meno, lisilofika machoni. Akaanza kuzungumza kwa wepesi, bila kutafuta neno, akimwonyesha kijana kiti, akimwonyesha Surinder kiti, mwenyeji kamili. Uso wa Elchin ukachanua.

"Anazungumza kama bibi yangu," akamwambia Surinder kwa Kiingereza. "Kiazerbaijani safi. Ni mtu wa kwetu kabisa."

Haika alimuuliza Surinder ni nani aliyechagua lugha hiyo. Surinder alifungua faili, akamwonyesha: mahali pa kuzaliwa, Baku, Azerbaijan. Basi huko ofisini mtu alisoma Azerbaijan, akabonyeza Kiazerbaijani, akaenda zake kunywa chai. Kwao ilikuwa kazi iliyofanywa vizuri.

"Mama, huyu bibi ni Mwarmenia," Haika alisema.

"Lakini yeye naongea vizuri," Surinder akamjibu, kweli kwa kushangaa. "Angalia, nacheka. Wewe kaa, Haika. Wewe hapana jibu kwa yeye."

Hiyo ilikuwa amri ya kwanza ya kazi: mhudumu hamsemei mteja. Haika aliisaini siku ya kwanza kabla hajapewa hata aproni. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akashika magoti yake.

Surinder aliuliza jina. Elchin akalitafsiri swali. Bi Arusyak akajibu, na jibu lake lilikuwa refu, lenye vituo na tabasamu, na mkono mmoja ukaelekea mlango wa jirani. Elchin alikuwa anaandika. Kalamu yake ikasimama.

"Anasema anaitwa Sevda Mammadova," akatafsiri.

Maneno mengi yaliingia, machache yakatoka. Haika aliona, lakini angesema nini? Surinder alitazama faili, akatazama uso wa bibi, akaandika. Akauliza anuani. Bibi akataja mtaa, namba ya jengo, ghorofa. Elchin akasema ni anuani ya Baku. Surinder akauliza ni mwaka gani. Bibi akainua bega kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi, akaitaja Januari ya mwaka tisini. Surinder akaandika. Kalamu ile ilikuwa haina sauti, lakini Haika aliisikia kila ilipogusa karatasi, kwa sababu kila mstari ulikuwa unamsogeza bibi karibu na ile treni ya saa mbili.

"Muulize anaishi na nani," Surinder akasema.

Jibu la Bi Arusyak lilikuja kwa sauti ya chini, ya siri njema, kidole kwenye midomo. Elchin alipotafsiri hakuinua macho.

"Anaishi na dada yake. Dada yake ni mgonjwa, amelala chumba cha nyuma. Anaomba tusimwamshe."

Kioo kikatetemeka, basi likapita. Surinder alimtazama Haika, na Haika akajua kinachofuata hata kabla hakijaandikwa: anaona watu wasiokuwepo. Surinder akainuka. Alisema kwa upole kwamba lazima akiangalie chumba, ndiyo taratibu, mtu akitajwa lazima aonekane. Akaelekea mlango wa chumba cha kulala.

Bi Arusyak alifika kabla yake. Haika hakujua alifikaje. Alisimama mbele ya mlango, mgongo kwenye mbao, mkono mmoja ameshika fremu, na bado alikuwa anatabasamu. Midomo ikawa inarudia yale maneno, kwa upole, kwa ukarimu, kama mtu anayewakaribisha wageni mezani.

Hapo Haika alisahau amri ya kwanza, na ya pili, na zote. Alisimama katikati yao.

"Mama Surinder, usifungue. Nakuomba. Njoo jikoni dakika moja tu, nikueleze. Ukitoka hapo andika unachotaka."

Surinder alisita. Alikuwa mtu wa haki, hilo lilionekana, lakini alikuwa pia mtu wa saa. Alikuwa na nyumba nyingine tatu siku hiyo. Mwishowe akaingia jikoni. Elchin akabaki sebuleni, ameketi, mikono katikati ya magoti.

Haika aliwasha birika ili mikono ipate la kufanya. Akaeleza upesi upesi, maneno yakikanyagana: Baku, zile orodha, Sevda, siku tatu. Kwamba maneno ayasemayo bibi ni ya Sevda, aliyoyasikia akiwa amefunikwa hadi puani, na kwamba leo, aliposalimiwa kwa lugha ile na watu wenye karatasi, ameamka kuwa Sevda. Chumbani hakuna mtu, naye anajua hakuna mtu. Anamficha Arusyak.

Surinder alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa, si kwa ubaya.

"Hiyo hadithi wewe nasema. Yeye hapana sema. Wazee nachanganya, Haika, mimi naona kila siku. Mama yangu mwenyewe aliita mimi jina ya dada yake miaka miwili. Wewe najua namna gani huyu naficha, hapana sahau? Lugha yake wewe hapana jua."

Hilo lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa moja tu. Haika alilijua tangu alipoliona lile tabasamu sebuleni. Alitazama kitambulisho cha serikali kifuani mwa Surinder. Mwezi uliopita alikuwa amepeleka maombi yake ya uraia, kurasa themanini na tano, na katika kurasa zile kulikuwa na swali la tabia njema, kama umewahi kudanganya kazini, kama umewahi kutumia jina lisilo lako. Alikuwa ameweka alama kwenye hapana.

"Mimi niliitwa Maureen," alisema.

Surinder aliinua macho.

"Miezi kumi na minne. Kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, kabla sijapata karatasi zangu. Maureen ni binamu yangu, alinipa zake. Kila asubuhi msimamizi alisimama mlangoni na orodha, akisoma majina, na mimi nilikuwa naitika kwa tabasamu lile lile. Lile pale. Nalijua kwa ndani, mama. Mashavu yanauma. Ilifika siku mtu ananiita Haika ndani ya basi, sigeuki. Lakini sikuwahi kusahau, hata siku moja. Ukiwa unaficha jina, unalikumbuka kila dakika, unalikumbuka kuliko mtu anayelitumia. Mtu hafichi asichokuwa nacho."

Birika lilianza kunguruma, likazidi, likajizima. Surinder alikuwa anatazama mvuke kwenye kigae. Haika aliwaza nauli ya kwenda Kilimanjaro, na jinsi atakavyomweleza mama yake.

"Hiyo ya Maureen," Surinder akasema mwishowe, "mimi hapana sikia. Maji ilikuwa nachemka."

Haika aligeukia kabati kutafuta vikombe, akavitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Elchin alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuelewa Kiswahili, lakini jina la Sevda alilisikia likitajwa mara nyingi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alimwomba Surinder radhi kwa Kiingereza. Alisema kuna kosa amelifanya, la kikazi, na analazimika kulisema.

"Mkalimani anatakiwa kutafsiri kila neno. Mimi niliacha sentensi, ile ya kwanza kabisa. Nilipomuuliza jina hakusema jina tu." Akavuta pumzi. "Alisema: mimi ni Sevda Mammadova, hapa hakuna Waarmenia, wale wa jirani walikimbia tangu jana, nendeni mkaangalie. Nilidhani ni uzee. Halafu nikaelewa, nikaona aibu kuitamka."

Elchin akaongeza, taratibu, kwamba bibi yake yeye alikuwa Mwazerbaijani wa kijiji kimoja huko Armenia, akafukuzwa majira hayo hayo, upande wa pili. Akafa akiwa na ufunguo wa nyumba ambayo haikuwa yake tena. Hakusema kama kujitetea. Alikuwa anatazama soksi zake.

Surinder aliiandika ile sentensi, neno kwa neno, akamwomba Elchin aisaini. Kisha akaketi kwenye stuli ya jikoni, akaonekana mzee ghafla. Alieleza shida iliyobaki, kwa Kiingereza, ili wote wawili wamwelewe. Sasa anaamini. Lakini kikao ni Alhamisi, na mkalimani wa Kiarmenia au wa Kirusi hapatikani kabla ya wiki mbili, na kile kikao hakisomi imani yake, kinasoma kisanduku cha kwanza katika ukurasa wa kwanza: je, mteja anajua jina lake? Lazima liandikwe alilojibu mwenyewe. Na mpaka sasa alilojibu ni Sevda.

"Na bado amesimama pale," Haika alisema.

Bado alikuwa amesimama pale. Kutoka jikoni walimwona, mkono kwenye fremu, miaka themanini, bila fimbo yake. Hangekubali kukaa. Sevda hakukaa siku tatu.

Haika akamgeukia Elchin. Akamuuliza kama anaweza kumwambia bibi jambo moja la mwisho, ambalo si swali. Siku ya nne, Sevda alipohakikisha kwamba mtaa umetulia, aliingia chumba cha nyuma, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamfunua Arusyak uso, akamwambia neno moja. Bibi alipomsimulia Haika, alilisema kwa lugha yenyewe kwanza, kisha kwa Kiingereza.

"Mwambie wameenda," Haika alisema.

Elchin alimtazama Surinder. Surinder alivua kitambulisho chake shingoni, akakitia kwenye mkoba pamoja na faili, akaufunga mkoba. Akaitikia kwa kichwa.

Kijana akaenda hadi katikati ya sebule, hakusogea zaidi. Akalisema lile neno, kwa sauti ndogo. Bi Arusyak alimtazama. Kijana akalirudia. Kisha, kwa kuwa neno tupu halikutosha, akaenda kuchukua viatu vyake ukutani, akavivaa bila kufunga kamba, akafungua mlango na kutoka. Walisikia nyayo zake kwenye ngazi, ghorofa ya pili, ya kwanza, kisha mlango wa chini ukajibamiza na sauti ya barabara ikaingia kidogo na kukatika.

Bi Arusyak alibaki akisikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande. Lile tabasamu likaondoka kwanza kwenye midomo, halafu kwenye mashavu, na chini yake kulikuwa na uso wa mtu aliyechoka sana. Mkono ukateremka kwenye fremu. Haika alimwahi, akamshika kwapa, akamkalisha mezani, na bibi akajiegemeza kwake na uzito wake wote, ambao haukuwa mkubwa.

Haika alilia. Hakujificha. Surinder alileta chai mwenyewe, vikombe vitatu, akaweka sukari bila kuuliza, nyingi, jinsi walivyokunywa kwao Nakuru.

Wakanywa. Hakuna aliyeuliza kitu. Surinder, ambaye nyumba yake ya pili ilikuwa inamsubiri tangu saa tano, hakutazama saa. Alipomaliza chai alijigusa kifua, akasema, "Surinder." Haika naye, huku akijifuta pua, akajigusa, akasema, "Haika." Bi Arusyak aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alifungua mdomo, lakini neno halikutoka. Mdomo ukafungwa.

Badala yake akanyoosha mkono, kidole gumba na cha shahada vikigusana. Surinder ndiye aliyeelewa kwanza. Akatoa kalamu, na ile karatasi ya bahasha ya dawa iliyokuwa mezani akaigeuza upande mweupe.

Bi Arusyak aliandika. Aliandika polepole, ulimi umeshika pembe ya mdomo, herufi nane za mviringo zilizokaa wima kama sindano kwenye kitambaa, kisha akaacha nafasi, akaandika nyingine. Hazikuwa herufi za Kiingereza wala za Kirusi, zilikuwa za kwao, za Kiarmenia. Mwishoni alipiga mstari chini yake, akaisogeza karatasi kwa Surinder kwa kidole kimoja, akaweka kalamu chini.

Surinder aliichukua, akaitazama, akamwonyesha Haika. Haika akatikisa kichwa. Mle ndani hapakuwa na mtu wa kuisoma, ila mwenyewe.

"Huyu nasema jina gani?" Surinder aliuliza, ingawa alijua kwamba Haika hajui.

"Muulize kikao," Haika akasema. "Watafute wa kuwasomea."

Surinder alicheka kidogo puani. Akafungua mkoba, akatoa faili taratibu, akimtazama bibi usoni kuona kama atashtuka. Bibi hakushtuka, alikuwa anaitazama karatasi yake. Surinder akafungua ukurasa wa kwanza, akaiweka bahasha pembeni, akavaa miwani, na katika kisanduku cha kwanza akaanza kunakili, herufi baada ya herufi, mwanamke wa miaka sitini anayejifunza kuandika. Ile ya kwanza aliichora kama kikombe kilichonyooka, akataka kwenda ya pili. Bi Arusyak akainama, akamshika kifundo cha mkono, akamrudisha, na kwa ncha ya kidole chake cha kushonea akamwonyesha, pale chini kulia, mkia mdogo alioukosa.